Wawili Ugenini kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wenzi wanaojiandaa kuzunguka miji na mashamba ya nchi za kigeni kwa miguu. Majibu yake yanatokana na imani moja ambayo mimi na mume wangu tumeishikilia kwa muda mrefu: kwamba matembezi ya watu wawili yana mpango wake, mwendo wake na hatari zake, na hayapaswi kupangwa kana kwamba ni matembezi ya mtu mmoja aliyefuatwa na mwingine.

Tutembee umbali gani kwa siku?

Mfupi kuliko mnavyodhani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni ambayo watembeaji wengi wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 15 yenye kupanda kwa jumla ya mita 600 inahitaji saa nne za kutembea, bila kusimama hata mara moja. Kanuni hiyo haihesabu muda wa kula, wa kupiga picha, wa kufunga upya kamba za viatu, wala wa kujadiliana kwenye njia panda. Vibao vya njia za miguu vya Uswisi vina tabia hiyo hiyo: huandika muda badala ya umbali, na muda huo ni wa kutembea mfululizo pasipo mapumziko.

Ushauri wangu ni kwamba wenzi waongeze angalau theluthi moja juu ya hesabu hiyo, kwa sababu kila mmoja ana mambo yake yanayomfanya asimame, na mambo hayo ni nadra kuwajia wote wawili kwa wakati mmoja. Saa nne za kutembea kwenye karatasi zinatosha kuwa kazi ya siku nzima. Wanaopanga saa nane hufika jioni wakiwa hawana hamu ya kuzungumza, na siku ya tatu mmoja wao huanza kuutazama mkoba wake kwa chuki.

Angalieni pia urefu wa mchana. Huko Edinburgh mwezi Juni kuna mwanga wa jua kwa zaidi ya saa 17, lakini mwezi Desemba ni takribani saa 7 tu. Njia ambayo wakati wa kiangazi mnaimaliza kwa raha itawaacha gizani wakati wa baridi msipoondoka mapema.

Mmoja wetu anatembea haraka na mwingine polepole. Tufanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wengi hulipuuza wakiamini kwamba mapenzi yatalitatua.

Tazameni kinachotokea kwenye mwinuko wowote. Mwenye kasi hutangulia, hufika juu, huketi kwenye jiwe, hunywa maji na kupoa. Baada ya dakika kumi mwenzake anafika akihema. Mwenye kasi, ambaye sasa amepumzika, anasimama, anavaa mkoba na kusema, "Haya, twende." Hivyo aliyehitaji mapumziko zaidi ndiye anayeyakosa, na jambo hilo likirudiwa kutwa nzima, anayetembea polepole hudhoofika si kwa sababu mwili wake ni mbovu, bali kwa sababu hakupewa hata pumziko moja kamili. Mwenye kasi naye huona kwamba amesubiri kwa subira siku nzima, na hashukuriwi.

Dawa yake ni mambo mawili. Kwanza, anayetembea polepole ndiye atangulie, hasa kwenye kupanda, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Pili, mapumziko yaanze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoketi, si pale wa kwanza anapofika. Kipimo kizuri cha mwendo ni mazungumzo: mtu anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi anakwenda kwa kasi isiyomfaa, hata kama mwenyewe anakana.

Mwenye nguvu za ziada ana pa kuzitumia. Abebe vitu vizito zaidi, au apande mnara na kilele cha pembeni wakati mwenzake ameketi kivulini. Kusema "wewe nenda, mimi nitakungoja hapa kwa nusu saa" si kushindwa, mradi mahali na muda vimetajwa waziwazi.

Tuuanzeje mji tusioujua?

Siku ya kwanza msiende popote mashuhuri. Wekeni mizigo, kisha zungukeni mitaa iliyo karibu na mahali mlipofikia mpaka muweze kurudi bila ramani. Mzunguko huo wa saa moja huwaonyesha kituo cha treni kilipo, mahali pa kuvukia barabara na jengo refu litakalokuwa alama yenu usiku, na huondoa ule wasiwasi wa siku ya kwanza ambao huwafanya wenzi wajibizane vibaya bila sababu.

Baada ya hapo, jifunzeni jinsi mji wenyewe ulivyopangwa, kwa maana karibu kila mji una mantiki yake. Mjini Paris wilaya 20 zimezunguka kutoka katikati kama gamba la konokono, na kwenye mitaa inayotoka mto Seine namba za nyumba huanzia upande wa mto, kwa hiyo namba zikipungua mnajua mnaelekea majini. Huko Japani mitaa mingi haina majina kabisa; anwani hutaja eneo, kisha kitalu cha nyumba, kisha jengo, na mgeni anayetafuta jina la mtaa atatafuta kisichokuwepo. Venice ina madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa na ngazi, na haina magari katika mji wake wa kale, lakini vibao vya njano ukutani huelekeza daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, na mkivifuata mtafika hata kama kichochoro kinaonekana kuwa hakitokei popote. Mimi nashauri kuviacha kwa makusudi kwa asubuhi nzima na kuvirudia jioni. Ramani za waenda kwa miguu zilizosimamishwa kwenye mitaa ya London zimegeuzwa zielekee anakotazama msomaji badala ya kaskazini, na huonyesha duara la umbali wa kutembea dakika tano. Asiyejua hilo huilinganisha na ramani ya simu yake na kuchanganyikiwa.

Kuhusu magari: katika nchi ambazo magari hupita kushoto, kama Uingereza na Japani, gari la kwanza kukufikia unaposhuka kwenye ukingo wa barabara hutoka kulia, lakini katika nchi za kupita kulia hutoka kushoto. Mjini London wameandika onyo hilo barabarani kwenye vivuko. Wenzi wana hatari moja ambayo msafiri wa peke yake hana: wanapozungumza, kila mmoja hudhani mwenzake ameshaangalia. Kila mtu aangalie kwa macho yake mwenyewe, na msivuke kwa kufuata mkono wa mwenzenu. Tena msizoee kuvuka taa ikiwa nyekundu kwa kuwa barabara ni tupu, kwa sababu nchini Ujerumani, kwa mfano, ni kosa lenye faini.

Nani ashike ramani?

Wote, kwa zamu. Mmoja aongoze asubuhi na mwingine aongoze baada ya chakula cha mchana. Aliye nje ya zamu asikosoe kila kona, lakini naye asiwe abiria: ajue jina la mahali pa kulala, aelekee wapi akiachwa, na awe jicho la kutafuta alama za njia wakati mwenzake ametazama chini. Pale ambapo mmoja pekee ndiye anayeongoza kwa safari nzima, mwingine hurudi nyumbani akiwa ameuona mgongo wa mtu zaidi ya nchi aliyokwenda kuiona.

Pakueni ramani za eneo lote kwenye simu zote mbili kabla ya kuondoka penye intaneti. Ramani zinazotumia takwimu za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na unaojengwa na watu wa kujitolea, mara nyingi huwa na vijia vya miguu ambavyo ramani za madereva hazivionyeshi. Zimeni simu moja iwe akiba, na iwekeni karibu na mwili kukiwa na baridi, kwa kuwa baridi humaliza chaji haraka. Milimani chukueni pia ramani ya karatasi.

Je, mashambani tunaruhusiwa kupita popote?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa kuliko wageni wengi wanavyofikiri.

Huko Sweden kuna haki ya kila mtu kutembea katika ardhi ya asili hata kama ina mwenyewe, mradi asiharibu wala asisumbue. Haki hiyo imetajwa katika katiba tangu mwaka 1994. Norway ina sheria yake ya mwaka 1957, ambayo pia inamtaka anayepiga hema awe umbali wa angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba yenye watu. Sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu ardhi yote kwa uwajibikaji. Mkivuka mpaka tu na kuingia England, hali inabadilika: huko haki yenu kwa kiasi kikubwa iko juu ya kijia chenyewe, ambacho kinaweza kupita katikati ya shamba la mtu au kando ya dirisha la jikoni lake, nanyi mna haki kamili ya kukipita, lakini hamna haki ya kutanda shambani. Mshale wa njano unaonyesha kijia cha waenda kwa miguu pekee, na wa buluu unaonyesha njia ambayo farasi na baiskeli pia huruhusiwa.

Katika nchi ambayo hamjui sheria yake, bakini kwenye njia iliyowekwa alama na ulizeni. Geti la shamba liacheni kama mlivyolikuta: likiwa limefungwa lifungeni, likiwa wazi liacheni wazi, kwa kuwa huenda mkulima ameliacha makusudi ili mifugo ifike kwenye maji. Penye mazao, piteni mmoja nyuma ya mwingine. Najua wenzi hupenda kutembea bega kwa bega, lakini nafasi yake ni barabarani, si kwenye ngano ya mtu.

Alama za njia zinasomwaje?

Nchini Ufaransa njia ndefu za mfumo wa GR (Grande Randonnée, yaani matembezi marefu), ulioanzishwa mwaka 1947, huwekewa mstari mweupe juu ya mwekundu, kwenye mti, jiwe au nguzo. Rangi hizo hizo zikichorwa kama msalaba wa kulala, zinasema umekosea njia. Utaratibu huo unatumika pia Hispania na Ubelgiji. Nchini Uswisi njano ni njia ya kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima inayodai uangalifu, na nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wenye ujuzi wa milima mirefu. Wenzi wasipande njia ya buluu kwa sababu tu mmoja wao ana ujuzi huo.

Mkitembea dakika kumi bila kuona alama yoyote, rudini hadi alama ya mwisho. Msikate kona kwa kukisia.

Mizigo tuigawe vipi?

Kwa uwezo wa mwili, si nusu kwa nusu. Hata hivyo kuna vitu ambavyo kila mmoja lazima avibebe mwenyewe hata kama ni mzigo wa ziada: maji, koti la mvua, tochi, pasipoti yake, kadi yake ya benki na fedha kidogo taslimu, pamoja na karatasi yenye namba ya bima na anwani ya mahali pa kulala. Kadi zote zikiwa kwenye mkoba mmoja, mkoba huo ukiibwa safari imekwisha kwa wote wawili.

Vinavyogawanywa ni vya pamoja: dawa, chaja, ramani, chakula. Na aliyechoka akabidhi uzito mapema, mchana, si jioni akiwa tayari anachechemea.

Malengelenge yanazuiwaje?

Kwa kusimama mara moja. Lengelenge halitokei ghafla. Hutanguliwa na joto dogo kisiginoni au pembeni mwa kidole, kama vile kuna kitu kinachosugua. Hapo ndipo pa kuketi. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, acha mguu ukauke kabisa, kisha bandika plasta ya kitambaa iliyokatwa pembe zake ziwe za mviringo ili zisiinuke, uilaze bila mkunjo hata mmoja. Vaa soksi kavu. Soksi za sufu au za nyuzi za kisasa hufaa kuliko za pamba, ambazo hushika jasho na kuulainisha mguu hadi ngozi inalegea. Kabla ya kuteremka mlima kaza kamba kwenye kifundo cha mguu ili vidole visigonge mbele, na kucha ziwe zimekatwa siku kadhaa kabla.

Ugumu wake kwa wenzi ni aibu. Mtu huona vibaya kumsimamisha mwenzake ambaye mwendo umemkolea, husema moyoni atavumilia hadi kijiji kinachofuata, na kijiji hicho humgharimu siku tatu za kuchechemea. Sisi tumekubaliana kwamba mmoja akisema "kisigino", wote tunasimama pale pale na hakuna anayeuliza swali.

Tukipotezana?

Kubalianeni kabla ya kupotezana. Mjini, kila mmoja arudi mahali mlipoonana mwisho na angoje robo saa. Mwenzake asipotokea, aende mahali pa kulala. Kwenye treni, milango ikifungwa mmoja akiwa ndani na mwingine nje, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na angoje hapo hapo, na aliyebaki apande treni inayofuata. Kinachowapoteza watu ni wote wawili kutafutana kwa wakati mmoja.

Mashambani na milimani kanuni ni moja: anayetangulia hapiti njia panda bila mwenzake kumwona. Mkipata ajali mahali pasipo na mtandao, ishara ya kimataifa ya milimani ni kupuliza filimbi au kuwasha tochi mara sita ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Jibu la waokoaji ni mara tatu kwa dakika. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Filimbi iwe shingoni, kwa kuwa ikiwa chini ya mkoba haisaidii.

Vipi kuhusu wanyama na wadudu?

Ng'ombe wenye ndama ni hatari kuliko wanavyoonekana. Msipite kati ya mama na mtoto; zungukeni mbali, kimya, bila kukimbia. Katika milima ya Alps na Pyrenees makundi ya kondoo hulindwa na mbwa wakubwa weupe ambao huja mbio wakibweka. Simameni, semeni kwa sauti ya upole, msiwatishe kwa fimbo, kisha lizungukeni kundi kwa mbali.

Kupe wa Ulaya hueneza ugonjwa wa Lyme, na katika maeneo ya katikati na mashariki ya bara hilo pia homa ya ubongo ambayo ina chanjo. Muulizeni daktari wiki kadhaa kabla ya safari. Hapa kuwa wawili ni faida kubwa, kwani kila jioni mnaweza kukaguana nyuma ya magoti, mgongoni na kwenye nywele. Kupe hutolewa kwa kibano kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi, kwa kumvuta moja kwa moja bila kumpaka chochote. Wekundu unaopanuka kuzunguka mahali pa kuumwa, siku au wiki baadaye, ni wa kupelekwa kwa daktari.

Milima mirefu ina hatari gani kwa wawili?

Ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, unaweza kuanza kuanzia mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nao haujali nani ana mazoezi zaidi. Juu ya mita 3,000 msilale zaidi ya mita 500 juu ya mlipolala jana, na wekeni siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Cusco, mji wa Peru ambako wengi huanzia safari ya kwenda magofu ya Machu Picchu, iko takribani mita 3,400, hivyo kushuka kwenye ndege tu tayari ni kupanda.

Mmoja akiumwa kichwa, akatapika na kuanza kuyumba, wanateremka wote wawili, wakati huo huo, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Mgonjwa hateremki peke yake, na hana sauti katika uamuzi huo, kwa sababu akili yake imeguswa na ugonjwa huo huo.

Je, lazima tuwe pamoja saa zote?

Hapana, na nasema hivyo nikiithamini sana safari ya pamoja. Watu ambao nyumbani hutengana kwa kazi saa nane kila siku, ugenini hujikuta wako bega kwa bega usiku na mchana, na hilo ni jambo jipya kwa uhusiano wowote. Tengeni nusu siku kila baada ya siku chache, mmoja aende makumbusho na mwingine atembee kando ya mto, kisha mkutane mahali palipotajwa. Mtakuwa na la kusimuliana.

Mnapogombana barabarani, kaeni chini mle na kunywa maji kabla ya kuendelea na hoja. Ugomvi mwingi wa saa kumi jioni ni njaa na miguu inayouma, na maamuzi ya njia yasifanywe katika hali hiyo.

Njia gani ndefu inafaa kwa mara ya kwanza?

Chagueni iliyo na alama nzuri, vijiji vya karibu na usafiri wa kuwatoa njiani mkichoka. Njia ya Hadrian's Wall kaskazini mwa England ina urefu wa kilomita 135 na inakatiza nchi kutoka pwani hadi pwani. Camino Francés, njia ya mahujaji inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, ni takribani kilomita 780, lakini cheti cha hija hutolewa kwa anayetembea kilomita 100 za mwisho, na kwa sababu hiyo wengi huanzia Sarria. Kumbukeni kwamba hosteli nyingi za mahujaji zina mabweni ya pamoja. Wanaotaka chumba chao watafute nyumba za wageni mapema. Nchini Japani njia za hija za Kumano Kodo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004, miaka 11 baada ya Camino ya Hispania, nazo hupita kwenye misitu yenye mawe na mizizi inayoteleza baada ya mvua, kwa hiyo punguzeni kilomita za kila siku.

Njia ya Inca nchini Peru si ya kujaribia. Inaruhusu watu 500 tu kwa siku pamoja na waongozaji na wapagazi, vibali huisha miezi kadhaa kabla, nayo hufungwa kila mwezi Februari kwa matengenezo. Mkishaichagua njia, itembeeni kwanza siku mbili mfululizo mahali popote mlipo, mkiwa na mikoba ile ile na viatu vile vile, na baada ya siku ya pili ndipo mkate tiketi.